SOMO LA KEBO NENE: KUCHAGUA NA KUTUMIA KIBANO CHA HAIDROLIKI

Siku hizi si ajabu kuona mabamba ya umeme wa jua juu ya paa la shule au zahanati, hata katika vijiji vilivyo mbali na njia kuu. Tena kuna vijiji vingi ambavyo umeme wa nguzo umekwisha kufika, na mashine za kusaga zilizokuwa zikinguruma kwa dizeli sasa zaendeshwa kwa mota. Jambo hili ni jema, na sisi twafurahi nalo. Walakini kila kazi mpya huja na maarifa yake, na asiyeyatafuta mapema huyanunua baadaye kwa bei kubwa. Leo twataka kueleza habari ya kitu kidogo ambacho watu wengi hawakitazami: ungio la kebo nene, yaani mahali ambapo waya mnene hushikana na betri, inveta, swichi au mota; na pamoja nalo tueleze chombo kinachofanya ungio hilo kuwa imara.

Twajua ya kuwa wasomaji wetu wengi si mafundi wa umeme, wala hatuandiki ili kila mtu atoke akashike kebo. Kwa sheria kazi ya kufunga umeme ni ya fundi mwenye leseni. Katika Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA, na katika Kenya hutolewa na EPRA. Twaandika kwa kuwa ninyi machifu, wenyeviti, waalimu na wazee ndio mnaoketi katika kamati, ndio mnaotia sahihi ya malipo, na ndio mnaoipokea kazi ikiisha. Mtu akipokea kitu asichojua kukipima, atapokea chochote.

HABARI YA ZAHANATI MOJA

Asubuhi moja tulifika katika zahanati ya kijiji, tukamkuta muuguzi ameketi kizingitini, macho mekundu kwa kukesha. Alitueleza kwamba usiku ule alikuwa akimzalisha mama mmoja, mara taa zikazimika zote. Kazi akaimaliza kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na nyanya wa mtoto, naye mkono ulikuwa ukimtetemeka. Mwenyezi Mungu alijalia, mama na mtoto walikuwa wazima.

Tulifungua sanduku la betri. Betri zilikuwa nzima, inveta nzima, na mabamba mazima. Lakini kichwa kimoja cha kebo kilikuwa kimekuwa cheusi, na ganda la waya limeyeyuka kwa urefu wa kidole. Tulipokigusa, kebo ikachomoka yenyewe, kama jino bovu. Tukaona ubavuni mwa kichwa kile alama za nyundo. Fundi hakuwa na kibano. Alikiponda kichwa juu ya jiwe, kisha akakivika mpira mweusi, kikapendeza machoni. Jioni ile chombo cha kuchemshia vifaa kilikuwa kimefanya kazi muda mrefu, umeme mwingi ukapita, na ungio likashindwa.

Fundi yule alikosa, hapana shaka. Lakini kamati nayo iliipokea kazi bila kuuliza neno, maana haikujua la kuuliza. Somo hili ni kwa ajili ya swali lile ambalo halikuulizwa.

KWA NINI UNGIO BAYA HUCHOMA

Kichwa hicho cha kebo mafundi hukiita lagi. Ni kipande cha shaba chenye sehemu mbili: upande mmoja ni bomba ambamo waya huingia, na upande wa pili ni ulimi bapa wenye tundu la bolti. Ndani ya kebo mna nyuzi nyingi za shaba. Umeme hauna budi kutoka katika nyuzi hizo na kuingia katika bomba la lagi. Mahali zinapogusana vizuri umeme hupita kwa urahisi. Mahali penye nafasi na hewa umeme hujibana katika sehemu chache, na hapo hutoa joto.

Waalimu waweza kuwafanyia wanafunzi hesabu hii. Inveta inayotoa wati 2400 kwa betri za volti 12 huvuta ampea 200 na zaidi kidogo. Joto la ungio ni ampea mara ampea, kisha mara ukinzani wa ungio. Ukinzani ukiwa sehemu moja tu ya elfu ya omu, tutapata 200 mara 200 mara 0.001, nayo ni wati 40. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu bati, nalo limefungiwa ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Ungio likibanwa vizuri hata ukinzani ukapungua mara kumi, joto litakuwa wati 4 tu, na hewa yatosha kuliondoa.

Tena ubaya huu hujizidisha. Joto hutia kutu usoni mwa shaba. Shaba hutanuka mchana na kusinyaa usiku, ungio likazidi kulegea. Ukinzani ukaongezeka, na joto likaongezeka tena. Na hapa pana jambo la kuangaliwa sana: fyuzi haitazuia hasara hii. Fyuzi hukatika umeme unapopita kupita kiasi, lakini ungio baya huweza kuwasha moto kwa umeme wa kiasi kile kile cha kila siku. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na ungio lililofichwa chini ya mpira hufichuliwa na moshi.

NGUVU YA MAFUTA

Kuibana shaba nene hata nyuzi zote zishikane kwataka nguvu ya tani kadhaa. Nyundo haiwezi, kwa sababu hupiga upande mmoja na kulibatiza bomba, huku nyuzi zikikimbilia pembeni. Koleo la mkono nalo halitoshi kwa kebo nene. Kwa hiyo mafundi hutumia kibano cha haidroliki, yaani kibano kiendeshwacho kwa nguvu ya mafuta.

Kanuni yake ilielezwa na Blaise Pascal, mwanachuoni wa Ufaransa, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1663, baada ya kufa kwake: kimiminiko kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea pande zote sawasawa. Mwaka 1795 fundi wa Uingereza, Joseph Bramah, alipata hati ya serikali kwa mashine ya kugandamiza iliyofuata kanuni hiyo.

Mfano wake ni huu. Mtu husukuma mkono wa pampu kwa nguvu ya kilo 35. Mkono ni wenzo, nao huizidisha nguvu hiyo mara kumi, ikawa kilo 350. Nguvu hiyo huangukia pistoni ndogo yenye eneo la nusu sentimita mraba, na mafuta yakapata msukumo wa kilo 700 kwa kila sentimita mraba. Mafuta hayo yakiisukuma pistoni kubwa ya sentimita mraba 10, nguvu yake itakuwa kilo 7000, yaani tani 7. Walakini hakuna kitu cha bure: pistoni kubwa huenda polepole mara ishirini kuliko ndogo, ndiyo maana fundi hupiga pampu mara nyingi. Mwanamke au kijana asiye na misuli mikubwa aweza kuifanya kazi hii barabara, maana nguvu ni ya mafuta.

KUCHAGUA KIBANO

Kabla ya kununua, yafaa mnunuzi aandike ukubwa wa kebo zote atakazofanyia kazi. Kebo hupimwa kwa eneo la shaba yake, na vipimo vya kawaida ni milimita mraba 16, 25, 35, 50, 70, 95, 120, 150, 185 na 240. Kwa betri na inveta za shule au zahanati, aghalabu hutumika kebo za 16 hadi 95. Kibano kinachofika 120 chatosha kwa kazi hiyo. Asinunue kikubwa mno kwa ajili ya fahari. Kibano cha 300 ni kizito, na fundi aliyejipinda ndani ya sanduku la betri hawezi kukishika sawasawa.

Mambo ya kutazama dukani ni haya:

Kwanza, taya. Ndani ya kichwa cha kibano huwekwa taya mbili za chuma zinazobadilishwa kwa kila ukubwa wa kebo. Taya njema kwa kazi hii ni zile ambazo zikikutana hufanya tundu lenye pembe sita, kwa sababu hubana pande zote. Kila jozi yapasa kuwa na namba iliyochongwa katika chuma, si ya kubandikwa kwa karatasi.

Pili, vali ya kikomo. Kibano kizuri kina vali inayofunguka yenyewe msukumo ukifika kiasi chake, na fundi husikia mlio au huona mkono umelegea. Vibano vingine vya bei ndogo havina vali hiyo; mtu akiendelea kupiga pampu baada ya taya kukutana, hupasua mpira wa ndani au hupinda kichwa.

Tatu, vipuri. Uliza kama mipira ya kuzuia mafuta yapatikana. Kibano kisicho na mpira wa akiba kitakuwa chuma cha kuzuilia mlango mwaka wa pili.

Nne, jaribio. Usinunue kwa macho. Nenda na kipande cha kebo yako na lagi yako, ubane pale pale dukani. Kisha acha kibano kikiwa kimesukumwa kwa dakika chache. Mafuta yakionekana kuvuja, kirudishe.

Chombo hiki si cha kila siku. Vijiji kadhaa, au shule za ufundi zilizo jirani, vyaweza kununua kimoja kwa pamoja, kikawekwa kwa mtu mwenye daftari la kukitoa na kukirudisha.

NAMBA TATU ZIPATANE

Hili ndilo shina la somo letu. Namba ya kebo, namba ya lagi na namba ya taya hazina budi kupatana. Kebo ya 50 huingia katika lagi ya 50, nayo hubanwa kwa taya za 50. Lagi nyingi huandikwa namba mbili, kama vile 50-8. Maana yake ni kebo ya milimita mraba 50 na bolti ya milimita 8. Lagi zilizofanywa kwa kipimo cha Kijerumani kiitwacho DIN 46235 zina namba nyingine ya taya: ya kebo ya 35 ni 12, ya 50 ni 14, ya 70 ni 16, na ya 95 ni 18. Basi mtu akiona 14 juu ya lagi ya namna hiyo asidhani ni ukubwa wa kebo, bali atafute taya zenye namba 14.

Tena taya za 50 za mtengenezaji mmoja zaweza kutofautiana na za mwingine, kwa maana unene wa bomba la lagi haulingani. Kwa hiyo ni vyema lagi na kibano viwe vya mfuano mmoja. Na kama haiwezekani, mtihani wa msumeno tutakaoueleza mbele ndio mwamuzi.

Kuna hila tatu ambazo hazifai kabisa. Kukata baadhi ya nyuzi ili kebo iingie katika lagi ndogo ni kosa. Kujaza vipande vya waya ili lagi kubwa ishike ni kosa. Kumimina lehemu ya bati badala ya kubana nako ni kosa katika kazi hii, kwa sababu bati huyeyuka ungio likipata joto kali, na tena hupanda ndani ya nyuzi, zikawa ngumu na kukatika zikitikiswa. Kama kebo ni ya nyuzi nyembamba mno, mfano wa ile ya kuchomelea vyuma, unene wake huwa mkubwa kidogo, nayo hutaka lagi iliyofanywa kwa nyuzi hizo.

Angalieni pia madini yenyewe. Kata ncha ya kebo, ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na ndani, ni shaba. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, nayo ni njema. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Haipitishi umeme kama shaba tupu, na aliyeuziwa kwa bei ya shaba ameibiwa. Aluminiamu ikikutanishwa na shaba mahali penye unyevu huliwa. Kwa hiyo ina lagi zake za madini mawili na mafuta yake maalumu.

KAZI YENYEWE

1. Fundi azime umeme wote, aondoe kebo katika betri, na avue pete na saa. Spana au pete ikigusa ncha mbili za betri huwa nyekundu kwa joto mara moja.

2. Aikate kebo kwa mkasi wa kebo, ncha iwe sawa. Panga huzitawanya nyuzi.

3. Avue ganda kwa urefu wa bomba la lagi, na kuongeza milimita chache, maana bomba hurefuka likibanwa. Kisu kisiguse nyuzi.

4. Atangulize mpira wa kufunika juu ya kebo, kisha aingize nyuzi safi hata mwisho wa bomba. Lagi nyingine zina kitundu cha kuchungulia. Nyuzi zionekane hapo.

5. Abane kwanza upande ulio karibu na ulimi, kisha asogee kuelekea kebo. Kila mara apige pampu mpaka taya zikutane na vali itoe ishara. Taya zisipokutana, kazi haijaisha, asiifungue njiani. Lagi za DIN zina mistari inayoonyesha mahali pa kubana.

6. Atazame. Bomba likitoa mapezi makali pembeni, taya ni ndogo mno au lagi ni nene mno. Likionekana limeguswa kidogo tu, taya ni kubwa mno. Yote mawili hukatwa na kutupwa, lagi hairudiwi.

7. Wakati wa kufunga, ulimi ulale bapa moja kwa moja juu ya uso wa betri au swichi. Washa huwekwa juu ya ulimi, chini ya nati. Kamwe haiwekwi kati ya ulimi na betri.

MTIHANI WA MSUMENO

Kabla fundi hajabana lagi za kazi, aombwe kubana moja ya mfano, kwa kebo ile ile, lagi ile ile na taya zile zile. Kisha aikate katikati ya alama ya kibano kwa msumeno wa chuma, na uso uliokatwa usuguliwe kwa tupa. Tazameni wote. Ungio jema ni kama sega la nyuki: nyuzi zilizokuwa mviringo zimekuwa na pembe, zimejazana, hapana tundu la hewa. Ungio baya huonyesha nyuzi bado mviringo na nafasi nyeusi kati yake. Mtihani huu hautaki shule kubwa. Mzee asiyejua kusoma aweza kuuamua. Gharama yake ni lagi moja na kipande cha kebo kisichozidi shubiri.

Baada ya kazi kuisha na umeme kutumika kwa nusu saa, fundi apime kwa mita upungufu wa volti katika kila ungio, au joto lake kwa kipimajoto kisichogusa. Ungio linalozidi wenzake kwa mbali ni la kurudiwa, hata likiwa zuri machoni.

HATARI NA UTUNZAJI

Mafuta yenye msukumo mkubwa yakitoka katika kitundu kidogo hupenya ngozi kama sindano. Basi mtu asitafute mvujo kwa kidole. Atumie kipande cha karatasi ngumu. Mafuta yakimwingia mwilini, hata kidonda kikiwa kama tundu la mwiba na hakiumi, apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe kwamba ni mafuta ya msukumo. Wengi wamepoteza vidole kwa kungoja kesho. Kadhalika vidole viwe mbali na taya, na kibano cha kawaida kisitumike juu ya waya wenye umeme.

Kibano kikimaliza kazi, kifunguliwe msukumo, kifutwe vumbi, na taya zirudishwe katika sanduku kila moja na mwenzake. Kiongezwe mafuta ya haidroliki tu. Mafuta ya breki huharibu mipira ya vibano vingi.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Tunamaliza kwa maswali matano, ambayo mwenyekiti au mwalimu mkuu aweza kuyanakili na kuyaweka katika jalada la kazi. Leseni yako iko wapi? Kibano chako kiko wapi, na taya zake zina namba gani? Namba ya kebo, ya lagi na ya taya zapatana? Lagi ya mfano iliyokatwa kwa msumeno iko wapi? Na umepima kila ungio wakati umeme ukitumika?

Fundi mwema hatachukia maswali haya. Atafurahi kwamba kazi yake imepata watu wa kuijua. Anayechukia mwacheni aende zake, nanyi tafuteni mwingine kabla malipo hayajatolewa. Zahanati ile tuliyoitaja ilibaniwa kebo zake upya. Kipande cha lagi kilichokatwa kimefungwa kwa uzi ukutani, kando ya sanduku la betri, na muuguzi humwonyesha kila mgeni wa kamati anayefika.